Ukurasa Gani, Bi Salhiya?

Kiponda ni mtaa uliobanana. Mtu akipiga chafya nyumba hii, wa nyumba ya pili humwombea rehema bila kuinuka kitandani. Dirisha la Bi Salhiya na la Nassra yalitazamana ghorofani, na kati yake hapakuwa na kitu ila kamba za kuanikia nguo na makapu mawili, kila mtu na lake, ya kuteremshia chini kwa wachuuzi.

Tangu Abrahman, mumewe, arejee kwa Mola wake, Bi Salhiya hakuvuka kizingiti. Alikuwa amekaa eda, miezi minne na siku zake kumi. Hina hapaki, wanja hatii, udi hajifukizi, asumini haiingii kwenye nywele zake. Hayo hakuyalalamikia. Amri ya Mungu hailalamikiwi. Lililomkaa kooni kama mwiba wa changu lilikuwa jengine kabisa, nalo lilikuwa sauti ya Nassra kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri.

Sauti ile ilikuwa imekaa mahali pake yeye.

Kwa miaka mingi wanawake wa mtaa, na wa mitaa ya mbali pia, walikuwa na kundi lao la simu, na mwenye kulisimamia ni yeye Bi Salhiya. Kila Alhamisi alikuwa akiwatumia voisi, ujumbe wake wa sauti. "Kwanza kitabu, halafu uso," ndivyo alivyokuwa akianza. Atawatajia riwaya aliyoivumbua, iliyoandikwa na mwanamke au inayosimulia habari za wanawake. Atawaeleza nani ndani yake analia bure na nani alistahiki kofi mapema akacheleweshewa, na mwisho wa hadithi hawaambii hata wamuahidi pepo. Kisha atawapa jambo la uso: liwa isagwe kwenye jiwe na si kwenye mashine, manjano yasiachwe yakakauka shavuni, na aliyenyonyokwa na nywele baada ya kujifungua apake mafuta gani.

Alikuwa na kanuni moja, na kanuni hiyo ndiyo iliyompa jina. "Sisemi nisichokisoma, sisifu nisichokipaka." Aliianza siku alipomuona biharusi mmoja kabambuka uso kama kiazi, kwa sababu ya krimu iliyosifiwa arusini na mtu ambaye hata kifuniko chake hakuwahi kukifungua. Tokea hapo, Bi Salhiya akisema kitabu kizuri, kinatafutwa sokoni Darajani mpaka kinapatikana. Akisema hakifai, kitalala kwenye meza ya Ayoub muuza vitabu mpaka kigeuke rangi.

Eda ilipomkuta, kusoma hakukukatazwa, lakini kupaka kulikatazwa, na nusu ya kazi yake ilikuwa kupaka. Akamwita Nassra, mke wa Msabah, mtoto wa Makunduchi aliyeolewa mjini.

"Nishikie kundi, mwanangu. Ni amana. Nikitoka eda nitaipokea."

"Mie, Bi Salhiya? Mie na lafudhi hii yangu ya shamba?"

"Weye ndiye."

Na ukweli ni kwamba alimchagua kwa ajili ya hiyo hiyo lafudhi. Alimchagua kama mtu anavyomchagua wa kumshikia nafasi kwenye foleni, mtu asiye na haja na duka lenyewe. Alidhani wanawake watamvumilia wiki mbili tatu, kisha waanze kuuliza, "Jamani, Bi Salhiya anatoka lini?"

Hakuna aliyeuliza.

*

Bi Kazija, shoga yake wa tangu utotoni, alipopanda ngazi siku ya Jumamosi na mkate wa kumimina kwenye sahani, harufu yake ilifika kabla ya hodi yake. Pua ya mtu aliyekaa eda huwa kama ulimi wa aliyefunga. Bi Salhiya aliitambua mchaichai, akaitambua karafuu, na chini yake kitu kama pwani iliyokupwa.

"Unanukia nini weye?"

Bi Kazija akaruka nyuma hadi mlangoni. "Astaghfirullahi! Nimesahau kama umo edani. Nikanawe?"

"Kaa kitako. Kupaka ndiko nilikokatazwa, pua yangu haikufiwa."

"Sabuni ya Nassra," akasema Bi Kazija, akishusha sauti kama anayetaja mke mwenza. "Ya mwani. Wanaitengeneza kwao. Hebu nitazame shavu."

"Nnaliona. Ni lile lile la mwaka jana."

"Wacha weye! Bwana Yussuf mwenyewe kaniuliza, 'Kazija, umefanya nini?' Bwana Yussuf huyo, shoga! Siku niliyotoka saluni, nywele zimelala kama hariri, alinipita mie mkewe akaniuliza chumvi iko wapi." Akacheka mpaka akajishika ubavu. "Na juzi ulimsikia alivyoisimulia ile hadithi ya wifi mchawi? Kila mtu na sauti yake. Mama mtu sauti yake, wifi sauti yake. Mie nimeunguza mchuzi."

"Sikumsikia. Nilikuwa na juzuu yangu."

Alimsikia. Alimsikia kwa dirishani, akifuta na kurudia, akijisahihisha, akicheka peke yake, kisha akamsikia tena kwenye simu. Alikuwa akilisikia kila neno mara mbili na kila neno lilimwingia mara mbili.

Bi Kazija akaukata mkate, akaukata tena vipande ambavyo havikuhitaji kukatwa.

"Salhiya. Nitakwambia kitu, usinikasirikie."

"Ukianza hivyo nshakasirika."

"Faiza, yule wa kundini, kasema kwenye kijikundi..."

"Kijikundi gani?"

"Kijikundi tu, cha pembeni. Kasema, ati ukitoka eda upumzike. Aachiwe mtoto aendelee. Weye utaitwa siku za Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, uje kututilia dua. Kwa heshima, shoga! Wote wamesema kwa heshima."

"Heshima ya jeneza hiyo. Linabebwa juu ya mabega na halina la kusema."

"Basi, haya, kula mkate."

Bi Salhiya aliula mkate na asijue ulikuwa wa sukari au wa chumvi. Alipobaki peke yake aliokota tasbihi, akaanza kuivuta, na kila ushanga ulioteleza kwenye kidole ulikuwa na sura ya Nassra. Mtoto wa kuja jana! Nani aliyemfundisha kwamba kitabu hakielezwi mwisho wake? Nani aliyemwambia kuwa mtu asikurupuke na sifa, aanze na aibu za kitabu ndipo sifa ziaminike? Vyombo vyake vyote alivyokuwa akipikia vimetoka jikoni kwa Bi Salhiya, na sasa walaji wanamsifu mpishi.

*

Alhamisi iliyofuata alikuwa pale pale dirishani, upande wa kivuli, simu mapajani. Ng'ambo, Nassra alisafisha koo.

"Wanawake wenzangu, assalaamu alaykum. Kwanza kitabu, halafu uso."

Hata maneno ya kufungulia kachukua, akasema moyoni, akasahau kwamba yeye mwenyewe alimwambia ayatumie.

"Leo nimewaletea kitabu ambacho Darajani hamkijui wala Ayoub hajakishika. Kinaitwa *Kamba ya Mamkwe*. Kimeandikwa na mwanamke wa kwetu Makunduchi, mkulima wa mwani, kakichapisha mwenyewe. Habari za mwanamke na mamkwe wake, wanalima mwani kwenye kamba moja, na kila mmoja anaamini mwenziwe anamuibia..."

Alikuwa anaeleza vizuri. Bi Salhiya alijua namna mtu anavyoeleza vizuri, kama fundi dhahabu anavyojua dhahabu, na hapo ndipo alipoumia. Mchuuzi wa samaki akapita chini akinadi, kelele zake zikayameza maneno ya mwisho ya dirishani; voisi ilipoingia akaifungua, na kabla haijafika mwisho simu ikaanza kutetema mapajani. Zeyana anataka kitabu. Salma anataka viwili, kimoja cha dada yake aliyeko Maskati. Kisha Faiza akaandika kwa herufi kubwa: HUYU NDIYE MVUMBUZI WETU.

Mvumbuzi! Miaka yote hiyo yeye Bi Salhiya alikuwa akipekua mafurushi ya vitabu vilivyoliwa na mchwa, akikaa kwenye ngazi za watu na vumbi puani, kuwatafutia hadithi ya kuwaliza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpa neno hilo.

Aliikatiza voisi ya Nassra katikati. Akabonyeza, akasema:

"Assalaamu alaykum. Mimi Bi Salhiya. Kitabu hicho nimekisoma. Kina ukurasa usiofaa kuingia katika nyumba ya heshima. Mwenye mabinti na ajihadhari. Wabillahi tawfiq."

Akaituma. Sauti yake ilikuwa tulivu kama maji ya mtungini. Tasbihi ilikuwa bado mkononi.

Kundi likaanza kujibu moja moja. "Subhanallah." "Ahsante Bi Salhiya kwa kututanabahisha." "Kumbe!" Zeyana akasema hakitaki tena. Dada wa Maskati akafutwa. Faiza alifuta ujumbe wake wa herufi kubwa, na alama ya kufutwa ikabaki pale kama jino lililong'oka.

Ng'ambo, sauti ya Msabah ilisikika. Msabah anasomesha watoto Kurani chuoni na sauti yake haipandi, lakini kichochoro kile hakifichi kitu.

"Hujasikia? Bi Salhiya akisema kitu kimesemwa. Watoto za watu nnawasomesha mie, Nassra. Mke wangu aambiwe anatangaza vitabu vya aibu?"

"Lakini mie nimekisoma chote..."

"Funga hayo mambo. Mpaka Bi Salhiya mwenyewe aseme vyengine."

Dirisha likafungwa, ubao kwa ubao.

Siku ile Bi Salhiya alikula vizuri. Usiniulize kama alijuta. Hakujuta. Alhamisi ya pili ilipita bila voisi, na mtu mmoja akaandika, "Bi Salhiya, eda inaisha lini? Tumekukosa." Alikisoma kijumbe kile, akakirudia, akaiweka simu kifudifudi kama mtu anayefunika chakula kitamu kisiingie nzi.

*

"Hodi, Bi Salhiya! Teremsha kapu."

Ilikuwa asubuhi, na sauti ilitoka chini, siyo ng'ambo. Bi Salhiya akachungulia. Nassra alisimama kichochoroni na buibui lake, mkononi ana kitabu na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Akateremsha kapu, akajiweka tayari. Alikuwa na jibu la kila tusi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Una nini?"

"Nimekuletea kitabu. Nimekisoma tena, na tena, ule ukurasa sijauona." Hakuwa na hasira. Macho yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza njia. "Nikasema pengine sie watu wa shamba hatujui lipi la aibu. Kwetu mengine tunayaona ya kawaida. Nambie ni ukurasa gani, Bi Salhiya, niukate kwa mkasi. Nikishaukata Msabah ataniruhusu."

Bi Salhiya alikuwa na jibu la kila tusi, na hakuna aliyemtukana.

"Ukurasa gani, Bi?"

"Nitakutazamia," akasema. "Sikumbuki nambari."

"Ahsante. Na hicho kifurushi ni sabuni. Ni yako, nilikuwekea kabla ya haya."

"Mie nimo edani, Nassra."

"Nnajua, Bi." Akageuka, akaenda zake.

Bi Salhiya akalivuta kapu. Alipokiona kifurushi damu ilimpanda. Kijembe! Mwanamke yumo edani, manukato ni haramu kwake, naye anamtumia sabuni ya mchaichai na karafuu, ili iwe nini? Akae nayo ainuse kwa mbali kama paka na samaki wa juu ya kabati? Akakitupa kifurushi kwenye kona ya dirisha bila kukifungua. Kitabu akakiweka juu ya meza. Kilikuwa chembamba, jalada lake karatasi, picha ya kamba na vigingi majini.

Vizuri. Ukurasa lazima uwepo. Hakuna kitabu kisicho na ukurasa mbaya, mtu akitafuta kwa bidii. Akatia wali jikoni, akavaa miwani, akakaa.

Alikisoma kwanza kama karani wa forodha anayepekua mizigo. Akaruka aya za pwani, akaruka maji kujaa na kukupwa, akitafuta kitanda. Kitanda kilikuwepo, lakini juu yake alilala mtoto mwenye surua. Akatafuta mgeni wa usiku. Alikuwepo, akawa ni fundi wa kuja kudai chake. Mwanamke wa hadithi, jina lake Mwatima, mumewe alikuwa kaenda bara na haandiki, na mamkwe alimsingizia kwamba anafungua vifundo vya mwani wake na kufunga kwenye upande wake. Mamkwe naye aliamini kwamba mwanawe hamwandikii kwa sababu ya huyo mke. Walikuwa wakimgombania mtu asiyekuwepo, na kila mmoja anakwenda majini mapema ili amuwahi mwenziwe.

Polepole Bi Salhiya akaacha kuruka.

Kisha akaufikia. Mwatima mimba imemtoka, yuko uani, nguo zimevuliwa, mamkwe anaingia. Huu hapa! Mwanamke mtupu, mchana kweupe! Akaipeleka miwani juu ya pua, akasoma kwa pupa. Mamkwe alichukua kata ya maji. Hakusema pole, wala hakusema nilikuonea. Alimmwagia maji mgongoni, akamsugua kwa kiganja kile kile kilichokatikakatika kwa kamba, akamwagia tena, na Mwatima akauegemeza mgongo kwenye mkono ule kama aliyetafuta ukuta siku nyingi. Basi. Ukurasa ukaisha, na hadithi haikueleza zaidi.

Bi Salhiya alibaki ameshika kitabu. Tangu siku ya msiba, watu wengi walimshika mkono, wakamshika bega, wakampa pole. Mgongo wake hakuna aliyeugusa.

Wali uliungua. Aliisikia harufu na hakuinuka.

"Kizuri," akasema kwa sauti, na alikasirika. Kizuri kiasi kwamba laiti angekivumbua yeye, angekitangaza hadi Pemba. Ndicho kitabu alichokitafuta kwenye mafurushi yote yale. Na kumbe kilikuwa kikitoka Makunduchi, kwenye mkoba wa mtoto aliyemchagua kwa kuamini kwamba hajui kitu.

Hata hivyo hakukubali mara moja. Palikuwa na mahali Mwatima anapomjibu mamkwe wake jibu kali. Akakunja pembe ya ukurasa ule. Angeweza kusema, *huu hapa, utovu wa adabu kwa wakubwa*. Wangemwamini. Nassra angeleta mkasi.

Adhana ya alasiri ikamkuta na pembe ile mkononi. Akatia udhu, akasali, na baada ya swala akakaa kwenye mswala kusoma zile sura fupi za kujikinga, kama afanyavyo kila siku tokea alipokuwa msichana. Alipofika pale mja anapoomba kukingwa na shari ya hasidi, ulimi ulikwama. Miaka yote akiisoma sura ile, moyo wake ulikuwa na mtu wa kumnyooshea kidole: Faiza, au Bi Kazija siku ya gauni la Idi, au yule jirani wa zamani wa Malindi. Leo kidole kilizunguka chumba kizima kisipate pa kwenda. Hasidi aliyekuwa akikimbiwa ndiye aliyekalia mswala.

Akainuka, akachukua simu. Alijiambia anatafuta kama Nassra alitaja mwenyewe ukurasa wowote. Akaifungua ile voisi ya siku ile, aliyoikata katikati, akaisikiliza kuanzia pale alipoiachia.

"...na mwisho siwaambii," ilisema sauti ya Nassra, "kwa sababu Bi wetu katukataza. Sasa uso. Uso wa leo si wa kila mtu, ni wa mtu mmoja. Bi Salhiya yumo edani, na kila sabuni nzuri ina harufu. Nimekwenda kwetu nikawaomba wanitengenezee isiyo na harufu hata kidogo, mwani na mafuta ya nazi basi. Siisifu. Atasifu yeye akishaipaka, yeye hasifu asichokipaka. Na akitoka eda ninamrejeshea amana yake. Mimi nimeishika tu."

Bi Salhiya akaiendea kona ya dirisha. Akakifungua kifurushi. Kipande cha kijani kilichofifia, kingo zake hazikunyooka, kimekatwa kwa mkono. Akakipeleka puani, pua ile iliyofunga miezi yote hiyo, inayomjua mtu kutoka ngazi ya chini. Sabuni haikunuka kitu. Ilinuka kama sahani iliyooshwa.

*

Aliipaka. Aliipaka siku kadhaa kabla ya kusema lolote, maana kanuni ni kanuni, na aliyekwisha kuivunja mara moja hujua thamani yake. Alhamisi baada ya alasiri akabonyeza simu.

"Assalaamu alaykum. Kwanza kitabu. *Kamba ya Mamkwe* nimekisoma. Nimekisoma sasa. Aibu yake ni moja, kwamba kifupi. Anayetaka mapenzi ya kunong'onezana hatayapata. Anayetaka kuujua mkono wa mtu aliyekudhulumu unavyokuwa siku utakapokuwa huna mwengine wa kukuosha, basi na akakitafute. Mwenye mabinti na awape. Mwenye mamkwe na asome naye. Halafu uso. Sabuni ya Nassra isiyo na harufu nimeipaka. Haikuwashi, haikaushi, na ukitoka bafuni hutajulikana kama umejipamba, na kwa mwanamke wa eda hiyo ndiyo sifa. Mimi sijawahi kusifu kitu kwa ugumu kama ninavyosifu hivi viwili leo. Wabillahi tawfiq."

Jibu la kwanza lilikuwa la Bi Kazija, na Bi Kazija hajawahi kuacha kitu kipite.

"Shoga, umesema umekisoma *sasa*. Na ile siku?"

Bi Salhiya aliliangalia swali lile. Angeweza kusema simu ilikatika. Angeweza kusema alikisoma kwa haraka.

"Ile siku aliyesoma ni wivu," akajibu. "Una macho makali, lakini herufi haujui."

Kundi likawa kama chumba kilichopasuka kioo. Faiza aliandika "Subhanallah" tu. Mtu wa Mkunazini alijitoa kundini bila kuaga. Zeyana, ambaye hajui kupiga chenga, aliuliza lililokuwa mioyoni mwa wengi: "Na vile vyengine vyote, Bi Salhiya? Vile ulivisoma?"

Alivisoma. Kila kimoja, jalada kwa jalada. Lakini angeapa vipi, na kiapo chake chenyewe ndicho kilichopata ufa? Alilisoma swali mara nyingi na mwisho akaliacha pale bila ya jibu, lionekane na kila mtu. Hiyo ndiyo bei yake.

Kabla ya magharibi mtu akakohoa kichochoroni.

"Shikamoo, Bi Salhiya." Alikuwa Msabah, kichwa kainamisha, asitazame juu.

Akamjibu nyuma ya ubao wa dirisha. "Marahaba, mwanangu. Kitabu hakina ukurasa mbaya. Mbaya ilikuwa kauli yangu."

"Nimesikia." Akasita. "Basi atasema Alhamisi ijayo?"

Hapo tu, pale pale, alikuwa na nafasi ya mwisho. Neno dogo lingetosha. *Apumzike kwanza.* Au, *mie natoka eda karibuni.* Lilikuja hadi kwenye ulimi, likiwa limevaa nguo za heshima.

"Atasema yeye," akasema Bi Salhiya.

*

Alhamisi iliyofuata dirisha la ng'ambo lilifunguliwa ubao mmoja, kisha wa pili. Nassra alisafisha koo. Kwa sababu kitabu kilikuwa kimeanza kutafutwa, wanawake walimwomba awasomee kipande, naye akachagua cha uani, cha kata ya maji.

Alianza. Hofu ilikuwa bado kwenye sauti, na hofu ilimfanya akimbie. Mamkwe aliingia uani mbio, akachota maji mbio, akayamwaga mbio, na Mwatima hata hakupata nafasi ya kuhisi baridi.

Mkono wa Bi Salhiya ulikuwa kwenye komeo. Alisikia kosa lile, na mwili wake wote ukafurahi. Angelifunga dirisha tu. Wanawake wangelisikia kosa na wasilijue jina lake, wangesema tu kwamba leo haikuwagusa, na mwisho wangemkumbuka mwenye kujua.

"Nassra!"

"Naam, Bi."

"Unakwenda mbio. Futa hiyo. Pale mamkwe anapochukua kata, simama. Usiseme kitu. Waache wayasikie maji."

"Nisimame kiasi gani?"

"Mpaka uone unataka kulia. Kisha endelea."

Nassra akafuta. Akaanza tena, na mara hii lafudhi yake ya Makunduchi, aliyokuwa akiibana ili afanane na watu wa mjini, aliiachia, na mamkwe wa kitabuni akawa mtu anayejulikana, mtu wa pwani, mwenye viganja. Akafika kwenye kata ya maji. Akasimama.

Kichochoro kizima kilisimama naye. Chini, mwanamke aliyekuwa akipita na sinia la kachori kichwani aliinua uso. Kisha sauti ikarudi, polepole, na maji yakamwagika mgongoni kwa Mwatima.

Ilikuwa nzuri kuliko mwanzo. Ilikuwa nzuri kuliko chochote alichowahi kukisema Bi Salhiya Alhamisi yoyote ya maisha yake, na katika wanawake wote watakaoisikia, hakuna atakayejua, kama alivyojua yeye, ni nzuri kiasi gani. Ilimchoma kama pilipili iliyoingia jichoni. Akautoa mkono kwenye komeo, akakaa pale pale, akaisikiliza mpaka mwisho. Kisha simu ikatetema mapajani, akaisikiliza tena.